Sura ya 7: Waliomaliza Mwaka wa Vita

"Mbona yule aliyekuwa akishika mkia darasani ndiye mwenye ghorofa Capri Point, na yule tuliyekuwa tukinakili hesabu zake anapanga vyumba viwili Igoma?"

Swali hili huulizwa harusini, kwenye vikao vya kamati, na zaidi ya kote misibani, pale watu waliosoma pamoja wanapokutana kumzika mwenzao na kuanza kuhesabiana: nani yuko wapi, nani kastaafu, nani katangulia. Majibu hayachelewi. Ni bidii. Ni bahati. Ni kujuana na wakubwa. Na huku kwetu kanda ya ziwa hakosi mmoja wa kushusha sauti na kutaja Gamboshi, kijiji kinachosifika kwa uchawi.

Bidii ipo, sibishi. Lakini lipange darasa zima mbele yako, kuanzia siku ya kurudisha vitabu vya shule hadi siku ya barua ya kustaafu, uone kitu ambacho majibu hayo yote yanakiruka: mwaka. Mwaka uliotoka shule, na umri uliokuwa nao nchi ilipogeuza njia, vimeamua mengi kuliko nafasi uliyoshika kwenye mtihani wa muhula. Sura hii inalifuata rika moja, na kwa rika nina maana ya watu waliomaliza shule mwaka mmoja. Ni wale waliomaliza kidato cha nne katika shule za Mwanza mwaka 1978. Wote wameshapita miaka 60, kwa hiyo hesabu yao karibu imefungwa. Na mmoja wao alikuja kuwa mtu ambaye kila Mtanzania anajua alisoma wapi.

Mkia wa nani?

Tuanze na huyo mshika mkia, maana anaonewa.

Katikati ya miaka ya 1970, katika kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba, hawakufika kumi waliopata nafasi ya sekondari ya serikali. Shule zenyewe Mwanza zilikuwa za kuhesabu kwa vidole: Bwiru ya wavulana na Bwiru ya wasichana, Nsumba, Nganza, Lake, Mwanza Sekondari, na nyingine chache. Mtoto aliyechaguliwa kutoka Ukerewe alivuka maji na sanduku lake la bati, na kijiji kizima kilijua tarehe ya safari. Ada haikuwa tatizo, serikali ilibeba. Tatizo lilikuwa kuchaguliwa.

Kwa hiyo aliyeshika namba 38 kati ya 38 pale Lake alikuwa ameshawaacha nyuma watoto zaidi ya 90 katika kila 100 wa umri wake. Tofauti kati yake na namba moja ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati yake na ndugu yake aliyebaki kuchunga. Wenzake hawakuliona hilo. Walichokiona ni orodha iliyobandikwa ukutani, naye yuko chini kabisa. Miaka 40 baadaye bado wanaisoma orodha ile ile na kushangaa kwamba maisha hayakuifuata.

Leo mambo ni mengine. Mpango wa kupanua sekondari ulioanza 2004 ulileta shule za kata, na kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Darasa la sasa lina watoto wa kila aina, na nafasi darasani inasema zaidi kuliko ilivyosema zamani. Babu anayemtisha mjukuu kwa kumwambia "sisi tulikuwa tunasoma" anasahau kwamba enzi zake chujio lilikuwa limeshafanya kazi kabla yeye hajafika mlangoni.

Mitihani, halafu mizinga

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Kagera. Tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba eneo lote hadi mto Kagera ni lake, na kesho yake Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa. Kwa vijana wa Mwanza waliokuwa ndiyo kwanza wanatoka shule, vita havikuwa habari ya redio tu. Barabara, reli na meli za kwenda magharibi mwa ziwa zilipita mjini kwao, na askari nao walipita hapo hapo.

Hata mabomu yalifika. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ilikosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, na waliokufa walikuwa swala. Wazee wa mjini husimulia kisa hicho kwa kicheko. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi yetu tarehe 11 Aprili 1979, na baadhi ya vijana wa rika hili walikuwa huko, kwenye jeshi lililopanuliwa haraka kwa mgambo na wa kujitolea.

Vita vilikwisha, gharama ikabaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, na Mwalimu akaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda ule ulikaa kiunoni miaka mingi. Sabuni ikawa ya foleni, kanga ikawa ya kibali, na unga wa njano wa msaada ukabatizwa jina la Yanga. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na watu wakatupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Kijana aliyemaliza 1978 alikuwa na miaka 23 hivi. Umri wa kuanza biashara ukamkuta wakati biashara yenyewe ni kesi.

Njia zilizokuwa wazi

Tuseme umemaliza kidato cha nne mwaka ule. Hukuandika barua za kuomba kazi, ulisubiri kupangiwa. Mbele yako palikuwa na:

- kidato cha tano na sita, kwa wachache waliofaulu vizuri, mara nyingi mbali: Iringa, Tabora, Tanga;
- ualimu wa daraja A, miaka miwili chuoni, kwa mfano Butimba, kisha shule ya msingi utakayopangiwa;
- vyuo vya kazi, kama uvuvi Nyegezi na uuguzi Bugando;
- ajira ya moja kwa moja: kiwanda cha nguo cha MWATEX, reli, meli, benki, Mamlaka ya Pamba;
- kurudi nyumbani, kwenye pamba, ng'ombe au mtumbwi wa baba.

Ukimuuliza mzazi wa wakati huo aipange orodha hii kwa heshima, angeipanga hivyo hivyo, kutoka juu kwenda chini. Kurudi nyumbani ilikuwa aibu. Ualimu daraja A ulikuwa kazi ya kuaminika. MWATEX ilikuwa na mshahara wa mwezi, basi la wafanyakazi na timu ya mpira. Shirika la umma lilionekana halifi.

Ishikilie orodha hiyo, kwa sababu miaka 15 baadaye ilipinduka juu chini.

Musoma na miaka ya kungoja

Kuna jambo moja ambalo watoto wetu hawalijui kabisa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikaa Musoma, mji wa ziwa hili hili, ikapitisha uamuzi uliojulikana kama Azimio la Musoma. Kila mtoto aende shule ya msingi ifikapo 1977, hilo linakumbukwa. Linalosahaulika ni sehemu ya pili: aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kisha afanye kazi miaka kadhaa, na mahali pa kazi pamtolee ushahidi kwamba anafaa.

Nia ilikuwa kuzuia usomi wa kujitenga na wananchi. Matokeo yake maishani ni kwamba kijana wa kiume wa rika la 1978 aliyefaulu kila mtihani aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 24, 25 au zaidi, pengine ana mke na mtoto. Wasichana walikuja kusamehewa sharti la kazi, kwa sababu idadi yao chuoni ilikuwa inashuka. Ndiyo maana kuna wanawake wa rika hili waliopata shahada miaka miwili au mitatu kabla ya wavulana waliokuwa wakiwashinda darasani. Katika nchi iliyowanyima wasichana vitu vingi, hapo kwa bahati walitangulia.

Lakini tusiwafurahie haraka. Kwa kila msichana aliyepita njia hiyo, wapo waliorudishwa nyumbani kabla ya kidato cha nne kwa sababu ya ujauzito, na hawakuruhusiwa kurudi. Mvulana aliyehusika, kama alikuwa mwanafunzi, mara nyingi alibaki darasani. Utaratibu huo ulidumu hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua anaweza kurejea shule. Waliosoma Nganza na Bwiru miaka ile walikuwa wameshakuwa bibi. Kwenye mikutano ya waliosoma pamoja hao hawaonekani, kwa kuwa orodha huandikwa ya waliomaliza. Ukitaka kujua shule ilifanya nini na maisha ya watu, anza na wasiokuwa kwenye picha ya kuagana.

Kwa ufupi hadi hapa: rika hili lilichujwa mapema, likatoka shule kwenye vita, likangoja muda mrefu, na vijana wake wakafika miaka 25 wakati maduka hayana kitu.

Aliyetoka Lake

Sasa tumchukue mmoja ambaye maisha yake ni ya hadhara. John Pombe Magufuli alizaliwa Chato tarehe 29 Oktoba 1959. Alianza sekondari katika seminari ya Katoke, Biharamulo, akahamia Lake mjini Mwanza mwaka 1977 na kumaliza kidato cha nne 1978. Kidato cha tano na sita alisoma Mkwawa, Iringa, hadi 1981. Akachukua stashahada ya ualimu hapo hapo Mkwawa, akafundisha Sengerema Sekondari, akaenda JKT. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliingia 1985, miaka minne baada ya kidato cha sita, akatoka 1988 na shahada ya kemia na hisabati. Kuanzia 1989 alikuwa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, Mwanza. Mwaka 1995 akagombea ubunge Biharamulo Mashariki, akashinda.

Tuusome wasifu huu kama hatujui mwisho wake. Hadi mwaka 1994 huyu ni mtu wa kawaida kabisa wa rika lake. Ualimu, JKT, chuo kwa kuchelewa, kisha mshahara wa ushirika. Ukimweka kwenye mkutano wa waliomaliza 1978 uliofanyika mwaka huo, angekaa katikati ya meza, si juu wala chini. Ana miaka 34 na anafanya kazi kwenye chama cha pamba.

Na chama chenyewe? Ushirika wa wakulima wa pamba ulikuwa fahari ya Usukuma tangu Paul Bomani na wenzake walipouunganisha miaka ya 1950. Serikali iliuvunja 1976, ikaurudisha miaka ya 1980. Kisha mwaka 1994 sheria ikafungua milango ya biashara ya pamba: mfanyabiashara yeyote mwenye leseni angeweza kununua na kuchambua. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na fedha taslimu mkononi, na ushirika uliozoea kununua peke yake ukaelemewa na ushindani na madeni. Mwaka mmoja baada ya sheria hiyo mkemia wetu alitoka. Sijui kama aliona mbele au aliitwa tu na siasa za nyumbani. Ninachoweza kusema ni kwamba 1995 ulikuwa pia uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu uhuru, na mlango huo ulifunguka akiwa na umri wa kuweza kuupita. Aliyebaki Nyanza, mwenye shahada ile ile na dawati lile lile, alisubiri mshahara uliochelewa, kisha haukuja.

Yaliyofuata kila mtu anayajua: unaibu waziri, uwaziri, urais Novemba 2015, na kifo tarehe 17 Machi 2021 akiwa na miaka 61. Wapo watakaosema alikuwa na kipaji ambacho wenzake hawakuwa nacho. Inawezekana. Ila kipaji kile kile kingepelekwa wapi mwaka 1985, hakuna ajuaye.

Dhoruba moja, umri tofauti

Mtafiti Mmarekani Glen Elder aliwahi kulinganisha makundi mawili ya watoto wa California waliopitia mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Wa Oakland walizaliwa 1920 na 1921. Wa Berkeley walizaliwa 1928 na 1929. Shida ilikuwa moja. Lakini wale wakubwa walikuwa na umri wa kufanya vibarua na kusaidia nyumbani, wakatoka wakiwa wamekomaa. Wadogo, hasa wavulana, walikuwa bado wanamtegemea baba aliyekuwa amepoteza kazi, wakaumia zaidi. Tofauti ya miaka minane tu ilitosha.

Sasa lete kipimo hicho Mwanza. Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Wafanyakazi wakapunguzwa kwa makumi ya maelfu nchini. MWATEX, iliyokuwa imeajiri ukoo kwa ukoo, ikauzwa kwa mtu binafsi.

Mwaka 1993 waliomaliza 1968 walikuwa na miaka 43 hivi. Wengi walishajenga Kirumba au Nyamanoro wakati kiwanja kinapatikana, na watoto wakubwa walikuwa wamemaliza shule. Kupunguzwa kuliwauma lakini hakukuwaangusha. Waliomaliza 1988 ndio walikuwa wanaingia mjini. Hawakuwahi kuijua ajira ya shirika, kwa hiyo hawakuililia. Walianza na mtumba na kuuza simenti, na soko huria lilikuwa dunia pekee waliyoijua.

Waliomaliza 1978 walikuwa katikati. Miaka 33, watoto watatu au wanne wadogo, miaka kumi kazini, nyumba bado msingi. Na wakati huo huo wazazi walikuwa wakidaiwa ada na michango shuleni, na mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza fedha. Pigo lilimkuta mtu akiwa na mzigo mzito kuliko wakati wowote wa maisha yake. Ninapomsikia mtu akimwambia mstaafu aliyepunguzwa kazi 1994 kwamba "hakujipanga", huwa natamani kumuuliza alikuwa wapi mwaka huo.

Ziwa lilipobadilika

Hapa ndipo orodha yetu inapopinduka, na ni hapa swali la ghorofa la Capri Point linapopata jibu.

Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Kwa muda mrefu alionekana kwa nadra. Miaka ya 1980 akafumuka, akala furu hadi aina nyingi zikatoweka, na nyavu zikaanza kutoa samaki wa kilo 30 na 50 ambao mwanzoni watu hawakujua wawafanyeje. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, barafu ikaanza kupelekwa mialoni, na ndege za mizigo zikawa zinaruka na minofu kwenda Ulaya. Mifupa yenye vichwa, mapanki, ikabaki kwa wenyeji. Baadaye mabondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara, yakapata soko China kwa bei inayoizidi mara nyingi ile ya nyama yenyewe.

Nani alikuwa tayari? Yule aliyerudi kwa baba yake mwaka 1979 kwa aibu. Alikuwa na mtumbwi, alijua upepo na maji, alijulikana na wavuvi, na kwa kuwa alifika kidato cha nne aliweza kusoma mkataba wa kiwanda, kupiga hesabu ya mafuta na barafu, na kuongea na mnunuzi bila mkalimani. Elimu ile ile iliyomfanya mshika mkia Lake ilimfanya msomi pale mwaloni. Akapata injini moja, kisha tatu. Wavuvi wakaanza kumwita tajiri, na kwa lugha ya mwaloni jina hilo ni cheo: ndiye mwenye mitumbwi na nyavu, anayewakopesha na kuwadai.

Mwenzake wa daraja A, wakati huo huo, alikuwa shule ya msingi ndani ya Kwimba akisubiri mshahara wa Mei hadi Julai, na jioni analima dengu.

Isidhaniwe njia ya maji ilikuwa rahisi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya uvuvi wa sumu, na matajiri wadogo waliokopa injini walifilisika ndani ya miezi. Waliopona wengi ni wale waliokuwa na mguu wa pili: dagaa wa kuuza Mwaloni Kirumba, kayabo, yaani sangara wa chumvi, wa kupeleka Kongo, au shamba. Wengine walikimbilia dhahabu. Machimbo ya wachimbaji wadogo Geita yalikuwa yamefurika watu kabla mgodi mkubwa haujafunguliwa mwaka 2000, na kuna nyumba za kupanga Nyakato zilizojengwa kwa gramu.

Waliokatika njiani

Kila rika lina waliokufa mapema. Rika hili lilikatwa mahali pabaya.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Huko ugonjwa uliitwa Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Waliomaliza 1978 walikuwa na miaka 23. Hawakuwa na onyo lolote, na dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure serikalini mwaka 2004, wakiwa na miaka 44. Miaka 21 hiyo ndiyo ya ujana, ndoa, uhamisho wa kazi na safari. Ilimchukua mwenye mshahara kama ilivyomchukua mvuvi, na mara nyingi mwenye mshahara kwanza, kwa kuwa ndiye aliyesafiri na ndiye aliyekuwa na fedha mfukoni.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikapinduka asubuhi ikikaribia Mwanza, imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa maji. Shule nyingi za mji huu zilipoteza watu mle ndani.

Sababu ya kuyataja haya katika sura ya njia za maisha ni ya kihesabu zaidi kuliko ya huzuni. Tunapolinganisha "waliofanikiwa" na "wasiofanikiwa", tunawalinganisha walio hai. Aliyekuwa namba moja mwaka 1978 hayupo kubishana nasi. Na nyuma ya wengi wanaoitwa wasiofanikiwa kuna watoto wa kaka na wa dada waliofiwa, watano au sita, waliosomeshwa kwa fedha ambayo ingekuwa nyumba.

Tarehe ya barua

Tunafika kwenye kustaafu, na hapa mwaka unarudi kwa nguvu zake zote.

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Analipwa mara mbili: mkupuo mara moja, tunaouita kiinua mgongo, na pensheni ya kila mwezi. Kanuni ya kugawa fedha hizo kati ya mkupuo na pensheni ndiyo kikokotoo. Neno hili halikuwa maarufu hadi mwaka 2018, mifuko minne ya pensheni ya umma (PSPF, LAPF, GEPF na PPF) ilipounganishwa kuwa PSSSF, NSSF ikabaki na sekta binafsi.

Chukua walimu na watumishi waliofanya kazi miezi 360, yaani miaka 30, wenye wastani wa mshahara wa shilingi milioni 1 kwa mwezi katika miaka yao bora mitatu. Mshahara mmoja, muda mmoja. Hesabu inakuja hivi, kwa kukadiria:

- kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF: mkupuo milioni 62, pensheni 333,000 kwa mwezi;
- kwa kanuni ya zamani ya PPF: mkupuo milioni 23, pensheni 465,000;
- kwa kanuni ya kutoa asilimia 33 kama mkupuo, iliyoanza Julai 2022: mkupuo karibu milioni 31, pensheni 416,000;
- kwa asilimia 40, iliyotangazwa kwenye bajeti ya Juni 2024 kwa waliokuwa wakilipwa nusu: mkupuo milioni 37, pensheni 372,000.

Mwishoni mwa 2018 kanuni mpya ya asilimia 25 ilikuwa imeanza kuwagusa wote, na kelele zilikuwa kubwa. Tarehe 28 Desemba Rais Magufuli aliwaita wakuu wa mifuko na vyama vya wafanyakazi Ikulu, akaagiza kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Yeye mwenyewe alikuwa amebakiza miezi kumi kutimiza 60. Waliokuwa wanakaribia kustaafu kwa lazima mwaka uliofuata walikuwa ni wale aliokaa nao darasani.

Kwa hiyo mwalimu wa rika la 1978, aliyezaliwa 1959 au 1960, alistaafu 2019 au 2020 na kupata milioni zake 62. Aliyekuwa kidato cha pili wakati wao wanamaliza, aliyezaliwa mwishoni mwa 1962, alitimiza 60 baada ya Julai 2022. Alipostaafu akapata mkupuo wa nusu ya hapo. Ni kweli pensheni yake ya mwezi ni kubwa zaidi, na akiishi miaka mingi pengo linapungua. Lakini mstaafu wa Mwanza haongei hivyo. Anaongea bati, tofali na kiwanja cha Kisesa, na hivyo hununuliwa kwa mkupuo.

Na yule daraja A wa Kwimba, tuliyemwacha akilima dengu? Miaka 40 kazini bila kukatika, kwa mshahara mdogo uliokuja kuboreka miaka ya 2000, imemfikisha mahali ambapo hakuna aliyemtazamia. Ana bima ya afya na pensheni kila mwezi. Kwenye kundi la simu la waliomaliza 1978, michango ya rambirambi ikitangazwa, yeye hutuma kabla ya tarehe 5. Aliyekuwa na injini tatu hutuma mwezi ambao sangara wamepatikana, na siku hizi hawapatikani kama zamani.

Hapo ndipo penye shimo la mfumo wetu. Sheria inataka michango isiyopungua miezi 180 ili mtu apate pensheni ya kila mwezi. Aliyefanya kazi kiwandani miaka 12, akapunguzwa, akaenda ziwani, alilipwa chake mara moja na kumalizana. Mvuvi, mchuuzi wa dagaa, mwanamke aliyefukuzwa shule na kulea ukoo: hao hawastaafu, wanachoka tu. Kujiandikisha NSSF kwa hiari kunawezekana, lakini aliyeambiwa hivyo akiwa na miaka 58 ameambiwa kwa kuchelewa.

Zanzibar ilichukua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni jamii, bila kuulizwa aliwahi kuajiriwa na nani, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hakuna kitu cha namna hiyo. Rika la 1978 litaanza kutimiza 70 mwaka 2029. Mzee wa Ukara aliyevua maisha yake yote na mzee wa Nungwi, Zanzibar, aliyevua maisha yake yote watakuwa na mikono ile ile na mgongo ule ule, na siku ya malipo ni mmoja tu kati yao atakayekuwa na jina kwenye daftari.